Vichwa vya DGX Bonded greni 500 kwenye .458 Lott, hela yangu haijapotea

Wakuu, kwa mnaojaza risasi wenyewe (yaani kuunganisha ganda, baruti na kichwa nyumbani) huku Marekani na mnajipanga kwenda Tanzania kumfuata mbogo, mimi kwenye .458 Lott yangu, bunduki ya wanyama wakubwa, nimehamia kwenye vichwa vya kampuni ya Hornady, DGX Bonded vya greni 500, na sirudi nyuma, japo bei yake imechangamka kweli.

Greni 500 ni kama gramu 32 hivi, kwenye Lott inatoka na spidi ya karibu mita 700 kwa sekunde kwahiyo bega lazima lijue. Ila teke halimpati mpigaji tu. Ukifyatua ya kwanza zile zilizobaki kwenye magazini nazo zinatikiswa, kichwa ambacho hakijashikwa vizuri kinaweza kuzama ndani ya ganda, kikizama presha inapanda, na hapo mbogo yuko hatua chache mbele yako. Hivi vichwa vina mfereji umezunguka pale pale unapotakiwa, unabana mdomo wa ganda ndani yake na kinakaa. Mimi nabana kama hatua ya peke yake baada ya kukalisha kichwa, na maganda nayakata yote urefu mmoja kwanza maana refu linabanwa kupita kiasi na fupi halishiki kitu. Nikitoka kupiga napima zilizobaki magazini kwa kalipa (kipimo cha urefu), urefu ni ule ule.

Koti la nje ni chuma kilichovikwa shaba na madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na koti, DGX za mwanzo hazikugandishwa hivyo. Hii ndo tofauti ninayoilipia, kichwa kinapanuka lakini hakiachani na koti lake kikikutana na mfupa wa bega. Halafu kuna ndugu yake DGS, ile ngumu isiyopanuka, umbo lile lile, so kwenye magazini unaweka DGX juu na DGS chini yake bila kuhangaika sana na darubini.

Wenye .458 Win Mag, ile ya kipenyo hicho hicho iliyotoka 1956, muwe makini, ganda lenu ni inchi 2.5 na la Lott ni 2.8, greni 500 inakula nafasi ya baruti hadi inabidi uishindilie. Jack Lott mwenyewe, mwindaji aliyebuni hii Lott, alijeruhiwa na mbogo Msumbiji 1959 ndo akaenda kutafuta ganda refu zaidi. Kwenu ningesema chukueni kichwa chepesi kidogo.

Baruti chagueni isiyobadilika na joto, mzigo wa baruti uliopimwa kwenye baridi ya hapa utapandisha presha kwenye jua la Rungwa, pori la uwindaji kule Tanzania. Anzeni na kiwango cha chini cha kitabu cha mtengenezaji, mpande taratibu. Na ndege nyingi mwisho ni kilo 5 za risasi kwa abiria, hizi ni nzito, pimeni na boksi lake kabla hamjafika eapoti.