Mifuko ya kutunzia katuni: ubao nimeupenda, gundi imeniliza

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nina hasira, na kilichonikasirisha hiki hapa mezani. Mnakiona? Pakiti ya mifuko 100 ya plastiki angavu, na pembeni yake vibao 100 vya kadibodi nyeupe, ile saizi kubwa ya majarida. Jina la kampuni nimelibandikia karatasi na sitalitaja, kwa hiyo msihangaike kunitumia meseji. Sogeza kamera kidogo... hapo hapo, asante.

Matumizi yake mnayajua: mfuko, ubao ndani, katuni mbele ya ubao, unafunga. Tusipoteze muda hapo.

Kwa mliofika leo mara ya kwanza, mimi nimeanza kuangalia katuni kabla sijajua kusoma. Tanga, Ngamiani, miaka ya themanini mwanzoni. Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, akipata hela ananunua Sani, jarida letu la katuni, pale kwenye meza ya magazeti karibu na stendi. Anasoma yeye kwanza, halafu rafiki zake, halafu inapita kwa kinyozi, inazunguka mtaa wiki nzima, ikirudi nyumbani ndiyo zamu yangu. Nilikuwa namfuata mama jikoni anisomee maneno ya Ndumilakuwili, yule mhusika wa Sani. Mama anakuna nazi huku ananisomea, na akifika pale jamaa anapowageuka wenzake, mama anaacha mbuzi, anacheka mpaka anafuta machozi na kanga. Herufi nimezijua kwa njia hiyo. Shuleni walikuja kunikuta nazo.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo linalobeba video nzima. Nina nakala za kale zinazopita 200, na nyingi hazina jalada. Mnajua kwa nini? Madaftari. Januari shule zikifunguliwa, mwalimu anataka kila daftari lijalidiwe, na karatasi ngumu iliyopo ndani ya nyumba ni jalada la Sani. Daftari langu la Hisabati la darasa la pili lilikuwa limevaa Lodi Lofa, mhusika mwingine wa humo humo. Kurasa za ndani zilinusurika, nyingine zikaishia kwa muuza karanga, lakini majalada yaliondoka na madaftari. Kwa hiyo ukiniona na nakala ya miaka hiyo yenye jalada lake kamili, mbele na nyuma, jua kwamba hicho kitu kimeponea chupuchupu mara nyingi sana. Ninazo 11. Nilikuwa nazo 12. Tutafika huko.

Niupe ubao haki yake kwanza, kwa sababu nimeupenda kweli. Angalieni hii nakala nikiishika bila ubao: inalala kama chapati. Naweka ubao nyuma yake... inasimama. Uti wa mgongo haujikunji tena, kona hazipindiki. Halafu kuna jambo la asidi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa mzima, na ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini. Lignini ikikutana na mwanga na hewa, karatasi inageuka rangi ya chai na kuanza kukatika, na inaendelea kutoa asidi yenyewe kwa yenyewe. Vibao vizuri vimewekewa kalsiamu kaboneti, ndugu yake chaki, ili kupooza hiyo asidi. Haviponyi karatasi iliyokwisha kuzeeka, mtu asikudanganye, lakini vinapunguza kasi. Kila baada ya miaka kadhaa unavibadilisha.

Angalieni tofauti. Hii nakala ilikaa miaka ndani ya bahasha ya kaki, na hii ilikaa ndani ya boksi la viatu. Zote za mwaka mmoja. Ya bahasha, kingo zake zimekuwa kahawia kama mkate ulioungua. Bahasha ya kaki nayo ina asidi yake, na mimi nilidhani naitunza! Nilikuwa na miaka 20 na ushee, nimehamia Dar, napanga chumba Temeke, nikaona bahasha za ofisini ni kitu cha maana sana.

Haya. Gundi.

Kamera ije juu ya mkono. Huu hapa mdomo wa mfuko, na hapa juu kuna ulimi. Kwenye ulimi kuna ukanda wa gundi umefunikwa na karatasi nyembamba. Unabandua karatasi, hivi, unakunja ulimi nyuma, unabandika. Imekaa vizuri, imefunga safi. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote.

Sasa unataka kusoma. Mimi nakusanya ili nisome, kwa hiyo nafungua. Ninabandua ulimi, mnasikia hiyo sauti? Sasa ulimi uko wazi, gundi yake inatazama juu, na katuni yangu inatakiwa itoke kwa kupita hapo hapo kwenye gundi. Nimechukua jarida la bure la matangazo ya simu ili tusiumie. Natazama mbele, navuta taratibu, taratibu... limegusa. Halijavutwa hata nusu na gundi imeshalishika. Nikiacha, limeganda. Nikivuta... mmesikia? Oneni hapa, wino umebaki kwenye ulimi na kwenye jalada pamebaki doa jeupe.

Narudia kwa mkono wa kushoto, ulimi nimeushika kwa kidole gumba urudi nyuma. Sasa mkono mmoja unashika ulimi, mkono mmoja unavuta jarida, mfuko nani anaushika? Unauegemeza kifuani. Na feni ikiwa imewashwa, ulimi unacheza. Umegusa tena. Mara ya tatu, polepole kabisa... hii imetoka salama. Moja katika tatu, na mimi nimeshika vitu hivi maisha yangu yote.

Kwa majarida yetu ni mbaya zaidi, na hili sijaona mtu akilisema. Mifuko hii imepimwa kwa karatasi za Marekani. Katuni yao ya kawaida ina upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26. Hii saizi ya majarida wanayouza nayo imefuata karatasi yao ya ofisini, kwa hiyo mwili wa mfuko una urefu wa sentimita 28 na kidogo. Sisi tunatumia A4: upana 21, urefu 29.7. Leta rula. Mnaona? Jarida limechungulia nje ya mfuko kwa zaidi ya sentimita moja, na ubao wenyewe ni mfupi kuliko jarida. Hiyo sehemu ya juu haina kitu cha kuiegemeza, na ndipo ulimi unapokunjiwa. Yaani gundi yote inaishi jirani na ukingo wa jalada lako.

Ndivyo nilivyopoteza ya 12. Jumapili usiku, wageni wameondoka, nikataka kumwonyesha binti yangu nakala aliyonunua marehemu baba yake mkubwa. Nikafungua, nikavuta, nikasikia. Herufi ya kwanza ya jina la jarida imetoka yote na karatasi yake. Sasa inasomeka ANI. Binti akaniambia, baba, si tunaweza kuigundisha? Sikumjibu, nilitoka nje kwanza.

Jalada hilo lilikwepa madaftari. Lilikwepa muuza karanga, na mvua ya mwaka ambao paa letu lilivuja. Limekuja kuchanwa na kitu nilichokinunua ili kilitunze.

Ninywe maji.

Hivi, mnajua aliyemchora Ndumilakuwili? Philip Ndunguru. Alifariki 1986, bado kijana kabisa, na wachoraji wengine wakawaendeleza wahusika wake. Sani yenyewe ilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ndiyo maana ikaitwa Sani: Sa ya Saidi, Ni ya Nico. Kabla yao Christian Gregory alikuwa na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na wenzetu Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Hawa watu wote walichora kwenye karatasi ya bei rahisi kuliko zote. Kule Marekani, nakala ya Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile iliyomleta Superman, iliyouzwa senti 10 ilipotoka, mwaka 2024 ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Sani ya kwanza nikikuuliza ikoje, una picha? Nakala zetu ziko kwenye maboksi ya watu kama mimi na wewe, chini ya vitanda. Mchwa wakila boksi moja, wamekula maktaba. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu gundi ya mfuko, nalalamika kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye wapinzani. Kuna mifuko ya Mylar, plastiki ya poliesta, hii hapa, ninayo mitatu tu. Sikilizeni inavyolia, ni kama picha ya eksirei. Haina gundi kabisa. Ulimi wake unauchomeka nyuma ya ubao na unakaa. Plastiki hii haiozi haraka wala haitoi kitu cha kudhuru karatasi, na maktaba kubwa zinaitumia. Bei yake mmoja unanunulia mitano ya ile mingine, na saizi ya A4 sijaipata hapa mjini.

Kuna mifuko ya mashati, ile ya Kariakoo wanayofungashia nguo, wengi mmenishauri. Kwa kuhifadhi muda mfupi inafaa, ni rahisi, na saizi unachagua mwenyewe. Lakini nayo ina gundi kwenye ulimi, tena kali zaidi. Na faili zile laini za steshenari zenye harufu ya plastiki mpya, hizo tafadhali, nakuomba kama ndugu yangu, usiweke katuni. Ile ni PVC, inavuta wino. Baada ya miaka michache unafungua faili, sura ya mhusika imehamia kwenye plastiki. Kulamineti ndiyo usifikirie kabisa, maana ukishalamineti hairudi.

Mmeniuliza pia kuhusu vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua boksi. Funga nakala kwenye nailoni mbili, toa hewa, weka kwenye friza inayoganda hasa kwa wiki moja, halafu iache irudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo inatoka jasho. Video ya hilo inakuja. Na video sasa zitakuwa zinatoka Alhamisi, siyo Jumamosi tena, kwa sababu Jumamosi mtaa mzima una sherehe na muziki unaingia kwenye maiki. Tumefika watu 4,000, nawashukuru sana, sikutegemea. Alhamisi ijayo ni katuni ya Kingo ya James Gayo, nimepata nakala kutoka kwa mzee mmoja wa Moshi, na ile inayofuata nitaleta katuni za Shujaaz za Kenya, zile za mwanzo za 2010 zilizokuwa zinagawiwa bure ndani ya gazeti la Saturday Nation. Zile ni za Sheng, kwa hiyo nitaomba msaada.

Bei sijasema. Mifuko na vibao pamoja vimenifikisha kwenye kama shilingi 90,000, na hapo shemeji amenibebea bure kwenye sanduku lake, kilo kama nne. Mwanzoni nilipanga kuwaambia msinunue. Nilishaandika hivyo kwenye kava ya video, nimeifuta leo asubuhi. Ukweli ni kwamba kwa vibao peke yake ningenunua tena. Mifuko... ngojeni niwaonyeshe ninachofanya sasa.

Mkasi. Kabla hujabandua kile kikaratasi cha gundi, kata ulimi wote, hivi, sambamba na mdomo. Gundi imekwenda na taka. Ubao kwa kuwa ni mfupi, nausogeza juu ulingane na kichwa cha jarida, chini pabaki wazi, kwa sababu chini mfuko unashika. Halafu nachukua mfuko wa pili, naingiza kutokea juu kama kofia. Imefunga bila gundi. Nimetumia mifuko miwili kwa nakala moja, kwa hiyo 100 inakuwa 50, na hiyo ndiyo bei yake halisi, pigeni hesabu wenyewe. Kutoa ni hivi: kofia juu, vuta. Tena: kofia juu, vuta. Binti yangu ana miaka tisa, ameitoa mara kumi bila kugusa chochote.

Na hii ndiyo ile ya 12. Sijaigundisha, na selotepu sitaki kuisikia, ile inaacha rangi ya kahawia isiyotoka. Herufi S bado imeganda kwenye ulimi wa mfuko wa zamani, mnaiona, nyekundu hapo. Nimeukata ulimi mzima pamoja na herufi yake, gundi iliyobaki nimeifunika kwa kile kikaratasi chake. Unaingia kwenye mfuko wake mdogo peke yake, na mfuko huo unakaa nyuma ya ubao, hapa. Siku nikipata fundi wa karatasi anayejua kazi, atavikuta vyote viwili mahali pamoja.

Haya, kofia. Alhamisi, wadau.