Rodi ya kuvulia: 24T, 30T au 40T, ununue ipi?

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi utaonyeshwa kwanza ile iliyoandikwa 40T au 46T, "hii ndo kaboni yenyewe bosi", na bei nayo imepaa. Subiri kidogo. Hiyo namba ni ugumu wa nyuzi za kaboni zilizounda rodi, kwa hesabu ya tani kwa milimita mraba, na ugumu huo kwa sehemu kubwa unatoka kwenye tanuri. Nyuzi zinaokwa kwanza kwenye hewa, digrii 200 mpaka 300, halafu zinaingia tanuri lisilo na oksijeni, 1,000 mpaka 1,500 hivi, mengine karibu yote yanatoka kama gesi inabaki kaboni. Kwenye 1,500 hapo nguvu iko juu kabisa. Wakizidisha moto mpaka 2,000 na kitu, tabaka za kaboni zinajipanga kufuata uzi, unakuwa mgumu zaidi ila kupinda haupendi tena. Kampuni ya Toray ya Japani inaandika yenyewe, uzi wake wa T700S (ndo kama 24T) unavutika 2.1% ndo ukatike, M40J (kama 40T) 1.2%, M60J (kama 60T) 0.7% tu.

Kwa hiyo mimi napanga hivi.

Ya kwanza 30T. Nyepesi, unasikia samaki akigusa chambo, na kolekole akivuta kwa nguvu bado inapinda bila kukutia presha. Ukiwa na hela ya rodi moja tu chukua hii.

Ya pili 24T, na kwa anayeanza au anayevulia kwenye miamba na boti naiweka ya kwanza kabisa, manake itagongwa, itakanyagwa, na chubwi itaipiga.

Ya tatu faiba, yaani nyuzi za kioo, ileile ya kutengenezea boti, nzito na legelege lakini haikatiki kizembe, kwa kuburuza chambo nyuma ya boti inatosha sana.

40T kwenda juu naiweka mwisho. Nilikuwa nayo, nikainua samaki huku rodi imesimama wima, paa, ncha ikakatika, kosa langu mwenyewe. Tena nyingi zina nyuzi hizo kidogo tu, zimechanganywa na 24T, uliza.

Na ukiiacha kwenye gari juani usihofie kaboni, joto hilo kwake si kitu, angalia gundi ya zile ringi za mshipi, ndo inayolainika.