Nyota ya bati ya fundi wa Mabatini, shilingi 15,000

Nyota hii imekaa juu ya mti wetu Krismasi mbili, ya 2023 na ya 2024, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa muda, si maneno ya mtu aliyetoka kuinunua jana.

Kabla ya hapo nilikuwa nanunua nyota za plastiki mjini, zile zenye unga unaometameta na taa za betri. Desemba nanunua, Januari natupa. Ya mwisho ilipasuka kile kikombe cha chini cha kuivalisha mtini siku ileile niliyoileta. Nikaifunga kwa uzi, ikakaa imeinama mpaka mwaka mpya. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, mbona nyota ya Yesu inaangalia chini?" Swali hilo liliniingia moyoni, nikaapa sinunui tena.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja fundi bati huko Mabatini, hapa kwetu Mwanza. Anatengeneza majiko ya mkaa, faneli, makopo ya kumwagilia bustani, na koroboi pia, ingawa koroboi siku hizi hazitoki kama zamani kwa kuwa taa za sola zimeingia mpaka visiwani. Nyota hutengeneza kwa oda tu.

Nilifika mchana. "Mwadila mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akanisogezea kigoda. Nikamweleza shida yangu. Hakunitajia bei. Aliuliza kwanza, "Mti wenu ni wa dukani au wa kuota?" Nikamwambia ni mvinje, nimeuotesha kwenye ndoo ya lita 20. Akakata kipande cha waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, akanipa. "Nenda kauzungushe kwenye ncha ya mti, kisha uuchomoe taratibu uniletee hivyohivyo ulivyojikunja." Hapo nikajua nimefika kwa fundi. Mvinje ncha yake ni laini, inayumba hata mtu akifungua mlango, na katika nyota zote nilizowahi kununua hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza habari ya mti.

Bei ilikuwa shilingi 18,000. Akapunguza 3,000 kwa sababu kopo nilipeleka mwenyewe, lile kubwa la maziwa ya unga la kilo 2.5. Nikatanguliza 5,000, nikaomba kukaa kidogo nione kazi inavyoanza. Hakukataa.

Alitoa kitako na mdomo wa kopo, akalipasua pembeni mwa mshono, akalilaza kwenye gogo na kuligonga kwa nyundo ya mbao hadi likanyooka kama karatasi. Upande wa ndani, ule mweupe unaong'aa, ndio aliokusudia uwe nje. Pateni yake ni boksi gumu alilochora kwa bikari na kipimapembe vya mjukuu wake: duara limegawanywa mara tano, nyuzi 72 kila sehemu. Kutoka kwenye kopo moja zilitoka nyota mbili, kila moja ya sentimita 20 hivi.

Kabla ya kukata akashika msumari uliosagwa ncha, akakwaruza mistari kumi kwenye kila nyota: mitano kutoka kwenye ncha hadi katikati, mitano kutoka kwenye mabonde hadi katikati. Akatoboa na matundu madogo bati likiwa bado limelala juu ya ubao, akitobolea upande wa nje ili makali yabaki ndani. Kisha akakata kwa mkasi wa bati, akaanza kukunja. Mistari ya ncha huinuliwa, ya mabonde huzamishwa. Nilikuwa nimeinama karibu kabisa na mikono yake, nikaona bati lililokuwa bapa linatuna polepole katikati, kila mkono wa nyota unaota mgongo, upande mmoja unashika mwanga na wa pili unabaki na kivuli. Hakuna rangi iliyopakwa. Mng'ao wote unatokana na ile mikunjo.

Zile mbili huwekwa mgongo kwa mgongo na kushikizwa kwa lehemu kwenye ncha na kwenye mabonde, ndani panabaki wazi. Kati ya mikono miwili ya chini anaacha nafasi, ndipo inapoingia springi ya waya aliyoisokota kwa kipimo nilichompelekea. Springi hiyo inavishwa kwenye ncha ya mti na kuubana bila kuuchubua. Nilipoipima nyota kwenye mzani wa duka la mtaani ilikuwa gramu 68, na mvinje wangu umeibeba bila kupinda.

Sasa kasoro, maana zipo. Aliniahidi Jumamosi, nikaipata Jumanne, tarehe 19, nami nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa. Ncha moja ilikuwa na donge la lehemu na ukingo mkali, ukamchana mwanangu kidole gumba. Niliirudisha, mzee alisikitika sana, akaipiga tupa na msasa kingo zote palepale, hakudai hata senti. Ila naona kazi hiyo ingefanyika kabla haijatoka mkononi mwake, hasa anapoambiwa kuna watoto. Jambo jingine ni kwamba lehemu yake ina madini ya risasi, na hayo ni sumu. Watoto wangu wanaruhusiwa kuitazama, kuishika hapana, na mimi nikishaivalisha nanawa mikono kwa sabuni.

Kutu pia. Bati likikatwa, ukingo hubaki chuma kitupu, na hewa yetu ya ziwani haina huruma. Nilipaka kingo zote rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Baada ya mwaka mmoja kwenye boksi nilikuta doa moja tu dogo karibu na springi.

Kwa mwanga naweka ndani waya wa vitaa vidogo vya betri. Msiweke mshumaa, na msipitishe waya wa umeme wa ukutani kwenye bati. Kile kisanduku cha betri nakifunga chini kwenye shina, kwa sababu kina uzito kuliko nyota yenyewe. Mkesha wa Krismasi ya kwanza umeme ulikatika tukiwa mezani. Chumba kizima kikawa giza, vitone vya mwanga vimetapakaa ukutani na kwenye pazia, na watoto wakanyamaza kimya. Hatukutafuta tochi, tulimaliza kula vilevile.

Nyota yetu hatuishushi hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Hiyo ndiyo sikukuu ya mamajusi waliofuata nyota, na Kanisa Kuu letu pale Bugando lina jina hilohilo. Kuishusha siku moja baada ya Krismasi naona ni kuwaacha wale wasafiri njiani.

Ukitaka ya kwako, nenda Novemba, Desemba anazidiwa. Peleka kopo lisilo na kutu, na mwambie mapema apige msasa kingo zote. Mwenye mti wa plastiki hana haja ya springi, anawekewa bomba jembamba la bati.

Mwaka huu nimeagiza ya pili, ya mama yangu Ukerewe. Nilimpelekea waya kwa abiria wa meli, naye akaurudisha wiki iliyopita kutoka Nansio ukiwa umefungwa kwenye kitambaa. Umejikunja mara nne, mwembamba kuliko wa kwangu. Jumatatu naupeleka Mabatini.