BOINC kwa mtu wa Dodoma anayenunua bando: nyota 4 kati ya 5

Wadau hii programu ni ya bure, unaiweka kwenye laptopu na ile nguvu ambayo huitumii inaenda kuwapigia hesabu wanasayansi kwenye miradi unayochagua mwenyewe. Imetoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulekule ilikozaliwa SETI@home (mradi wa kusaka dalili za viumbe wenye akili huko angani) mwaka 1999. Kuiweka ni fasta, hapo sina neno.

Kilichonikuna ni inavyogawa data. Seva inakata mzigo vipande vidogo, na kwenye miradi mingi kipande kimoja kinaenda kwa kompyuta zaidi ya moja, majibu yakirudi yanalinganishwa, yakikubaliana ndo yanapita, kwa hiyo mwenye mashine mbovu au anayechakachua apate pointi (alama unazopewa kwa kazi uliyofanya) haharibu kitu. Afu kila kipande kina dedilaini, umeme ukikatika huku Nkuhungu au umeenda zako Kondoa hakuna wa kukusumbua, muda ukipita anapewa mwingine. Umeme ukirudi kazi inaendelea pale ilipojisevu mara ya mwisho.

Sasa bando. Miradi haifanani kabisa jamani! PrimeGrid ya kusaka namba tasa inadaunlodi vitu vidogo sana, kazi yote ni hesabu. Climateprediction.net ya Oxford, ya mambo ya tabianchi, kipande kimoja kinaweza kula siku kibao na majibu yake ni mazito kuaplodi. Einstein@Home, wale wa mambo ya anga, wana akili hapa, mafaili yao ni makubwa ila seva inajitahidi kukupa kazi inayotumia faili ambalo tayari unalo, usidaunlodi upya (na hawa sio wa mchezo, 2010 kompyuta za watu wa kawaida Marekani na Ujerumani ziliwapatia pulsa mpya, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio, kwenye data za darubini ya redio ya Arecibo).

Nenda kwenye setingi uweke kikomo cha MB, na saa za kutumia intaneti unazipanga tofauti na saa za kupiga hesabu, mi nimeiachia bando la usiku tu. Prosesa nayo ipunguze, joto la Oktoba hapa Dodoma pamoja na uniti za LUKU, ukiiacha asilimia mia feni italia kama mashine ya kusaga.

Nyota moja nimekata kwa sababu hizo setingi za maana zimefichwa mbali na muonekano ni wa kizamani. Pointi hazina hela, msije mkaulizia. Android ipo pia, ila yenyewe imetegeshwa ifanye kazi simu ikiwa kwenye chaji na itumie WiFi, kama kwako hakuna WiFi itakaa tu hapo mpaka ubadilishe mwenyewe.