Kabla ya kuuliza bei ya maharage, uliza yamevunwa lini

Mama mkwe wangu ni mtu wa Karagwe, mkoani Kagera, na mtu wa Karagwe humdanganyi kwa maharage. Jumapili moja mwezi uliopita alikuja kwangu Tabata, hapa Dar, akala vijiko viwili, akakiweka kijiko pembeni kwa adabu zake zote, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, haya yalivunwa mwaka gani?"

Maharage hayo niliyabandika saa tatu asubuhi. Tulikula saa tisa alasiri. Hapo katikati nimeongeza maji mara sita, nimetia magadi, nimeihamisha sufuria kwenye mkaa kwa kuuhurumia mtungi wa gesi, na bado yaligonga sahani kama kete za bao. Kwa sura yalikuwa mazuri, hilo sikatai: mekundu, marefu, yamejikunja kama figo, yanang'aa. Nilinunua kilo tatu kwa shilingi 3,800 kila kilo, ghali kuliko mafungu yote ya pale mezani, kwa sababu muuzaji aliniapia: "Dada angu, haya mapya kabisa, yameshuka jana."

Na kweli yalishuka jana. Yalishuka kutoka kwenye lori. Kabla ya lori yalikaa wapi na kwa muda gani, hilo hakuniambia, nami kwa uzembe wangu sikuuliza.

Nimeyakumbuka malalamiko yenu yote mliyoniandikia baada ya ile makala ya maharage ya nazi. "Dada, yangu yamekataa kuiva." "Nimepika mpaka nazi imekatika." Niliwajibu kwa kiburi kwamba hamkuloweka vya kutosha. Naombeni radhi. Wengi wenu mliloweka vizuri tu, tatizo mliuziwa wazee.

Kwa hiyo mwongozo wa leo hauhusu mawe, wala vumbi, wala ukubwa wa punje. Kupepeta na kuchambua kila mtu kafundishwa kwao. Leo nahesabu jambo moja tu, umri.

Maharage makavu yanazeeka, hata kama hayaozi. Yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevunyevu, ile gundi ya asili inayoshika punje kwa ndani hujifunga, na maji ya moto hayaiyeyushi tena. Ndiyo maana unaloweka, yanavimba vizuri, unafurahi, halafu jikoni yanagoma. Sasa nitajieni mahali penye joto na unyevunyevu kuliko stoo ya bati Dar es Salaam mwezi wa pili. Gunia likikaa pale tangu msimu uliopita, hilo si la kupika tena. Ni la kujengea.

Ninayoyapenda, na sijifichi

Namba moja kwangu ni maharage ya njano ya Mbeya, yale wauzaji wanayoyaita soya njano. Si soya, ni maharage kama mengine, jina tu limewakaa. Ninayapendelea waziwazi, na ukinikuta nimebeba mengine ujue ya njano yalikwisha sokoni.

Wengi watakuambia ni matamu, yanatoa mchuzi mzito, hayajazi tumbo gesi. Utamu na mchuzi nakubali. La gesi muulize mume wangu. Lakini sababu yangu ni nyingine: maharage ya njano hayawezi kuficha umri wake. Yakiwa mapya yana njano safi, inayokaribia ya siagi. Yakikaa, rangi inaanza kufifia, inakwenda kwenye hudhurungi, mpaka yanafanana na chai ya rangi iliyomwagikia kitambaa. Muuzaji anaweza kuapa kwa mizimu ya kwao, punje yenyewe itamuumbua. Jikoni kwangu, yakiwa mapya na yamelala kwenye maji usiku kucha, dakika hamsini mpaka saa moja yako tayari, bila magadi. Yale mekundu ya mama mkwe yalikula gesi na mkaa kwa saa sita. Piga hesabu hiyo kabla ya kuniambia ya njano ni ghali.

Namba mbili ni yenye madoa mekundu juu ya rangi ya maziwa, ambayo watu wa Arusha na majirani zetu Wakenya huyaita rozikoko. Lyamungu 90 ni ya sura hiyo, na jina lake limetoka kwenye kituo cha utafiti kule Lyamungu, Kilimanjaro. Haya nayo yana kioo cha kujitazamia: ile sehemu nyeupe kati ya madoa. Ikiwa imegeuka kahawia, rudisha mkono mfukoni. Kwa makande sijaona yanayoyazidi, kwa sababu yanaiva bila kupasuka hovyo.

Kablanketi, ya kijivu na zambarau yenye michirizi, ningeyapa namba mbili kama ningekuwa naishi Mbeya. Yakifika huku yameshachanganywa na ndugu zake watatu.

Mchanganyiko wa bei rahisi? Kila rangi inaiva kwa saa yake. Tuendelee.

Mekundu, na onyo ambalo si la utani

Yale mekundu makubwa nayaweka mwisho, na si kwa hasira tu. Rangi nyekundu iliyokolea ni pazia. Ya mwaka huu na ya mwaka juzi yanafanana kama mapacha, hasa yakisuguliwa yang'ae. Kama huna budi kuyanunua, chukua robo kwanza, kapike, kisha urudi kuchukua kilo.

Kuna na jambo la afya. Dada mmoja aliye Uingereza aliniandikia kwamba aliyaweka mekundu kwenye lile jungu la umeme linalopika polepole kutwa nzima, bila kuyachemsha kwanza, na jioni nyumba nzima ilitapika. Haikuwa bahati mbaya. Maharage mabichi yana sumu ya asili, na mekundu ndiyo yanayoongoza kwa wingi wake. Punje nne tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu kwa kichefuchefu ndani ya saa moja mpaka tatu. Moto mkali unaimaliza, moto hafifu haumalizi, na yakipikwa chini ya nyuzi 80 sumu inaweza hata kuzidi ile ya mabichi. Dawa ni ile ya bibi zetu: loweka, mwaga maji yale, tia mapya, chemsha yatokote kwelikweli kwa nusu saa, ndipo upunguze moto au uhamishie kwenye jungu lako la kisasa. Sisi wa sufuria na mkaa hatuna shida hii, maana yetu yanatokota mpaka majirani wanajua tunakula nini.

Namna ya kumbana muuzaji

Usiulize "ni mapya?" Hakuna muuzaji duniani aliyewahi kujibu hapana. Uliza yametoka wapi, halafu tazama kalenda. Mbeya na Arusha mavuno makubwa ni katikati ya mwaka, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Kagera na Kigoma wana misimu miwili, kwa hiyo hutoa mengine mwishoni mwa mwaka na mwezi wa kwanza. Mtu akikuambia mwezi wa pili "haya ya Arusha, mapya," mtilie shaka kwanza. Mwezi huohuo ukisikia Kigoma au Karagwe, sogea karibu.

Kisha ng'ata moja. Jipya likikauka vizuri bado jino linaacha alama kidogo. La zamani linakuambia utafute daktari wa meno. Tazama na vitundu vya fukusi: kitundu kimoja maana yake mdudu ameshapata muda wa kutaga, kukua na kutoka, na muda ndio tunaoutafuta hapa.

Hapa nina donge, mniruhusu nilitoe. Bei ya maharage inapanda kadiri tunavyokuwa mbali na mavuno. Yaani wakati maharage yamezeeka kuliko wakati wowote, ndipo tunapoyalipia zaidi. Kwenye nguo, kilichokaa sana dukani kinapunguzwa bei. Kwenye maharage kinapandishwa, na unaambiwa "yameadimika, mama, shukuru umepata." Halafu kuna ule mchezo wa kumwaga debe la mapya juu ya gunia la zamani. Ukifika nyumbani nusu yamekuwa uji, nusu ni changarawe, unajilaumu kwamba hujui kupika. Mzani nao una miguu yake. Kilo zangu tatu nilizipima tena kwa jirani anayeoka keki, zikapungua gramu mia mbili na kitu. Gramu mia mbili za wazee, pengine aliniokoa.

Yakikataa sokoni, pika kingine

Siku ambazo maharage yote mezani ni ya zamani, siku hizi sibishani, naondoka na mbadala. Ila mbadala unategemea ulitaka kupika nini.

Kwa nazi, chukua mbaazi bila kufikiri mara mbili. Watu wa pwani wanaokula mbaazi na mahamri asubuhi watashangaa kwa nini nasema "mbadala," na wana haki. Tena mbaazi tunazitendea vibaya. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wake, bei ya mkulima wetu ilianguka vibaya, na sisi huku mjini wala hatukuongeza hata sufuria moja. Nazo huzeeka, lakini ukipata za Lindi au Mtwara za msimu, loweka, chemsha, tui zito mwishoni.

Kwa makande, kunde. Zinaiva mapema kuliko mahindi, kwa hiyo ziingize baadaye, la sivyo utakula mahindi kwenye mchuzi wa kunde zilizopotea. Rangi itakuwa ya udongo, ladha iko palepale.

Kwa mtoto, mgonjwa, au jioni umetoka kazini saa moja na watu wana njaa, choroko. Hata bila kulowekwa zinaiva. Wasomaji wa Kenya, ninyi mnaziita ndengu, na hapo pana mtego: ukija Dar ukaomba dengu utapewa zile kubwa za njano-kahawia za kusaga unga wa bajia, siyo za kijani. Msije mkanilaumu.

Njugu mawe ni tamu, ila jina lake limeshakuambia. Usizikimbilie kwa kukwepa maharage magumu.

Na makopo? Maharage mekundu ya kopo yameshaiva, sumu hakuna, unasuuza maji yake na kutia kwenye mchuzi. Kwa mlio Ulaya na Marekani ni msaada wa kweli. Hapa kwetu tazama hesabu: kopo la gramu 400 ukilichuja linabaki na maharage kama gramu 240, ambayo ni sawa na gramu mia hivi za makavu ukizipika. Unalipia bati, maji na picha nzuri.

Ukishayafikisha nyumbani

Loweka kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili. Kwa joto la Dar usizidishe, yanachacha na kutoa povu lenye harufu. Yaliyobaki madogo asubuhi wakati wenzake wamevimba, yaokote uyatupe, hayo hayajapitisha maji na hayatapitisha.

Maji ya kisima ndiyo adui mwingine ambaye hatumtaji. Yale magumu, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yanayafanya maharage nayo yawe magumu. Nikiwa na maji ya kisima natumia ya bomba niliyokinga pembeni kwa ajili ya maharage peke yake, na tofauti naiona. Nyanya, ndimu na ukwaju visiguse sufuria mpaka maharage yamelainika, maana uchachu unayazuia kuiva. Chumvi nimeionea miaka mingi bila kosa, haina tatizo.

Magadi yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na ukizidisha unakula sabuni. Kwa ya njano mapya hutayahitaji.

Msinunue gunia kwa sababu limepungua bei, labda muwe na shughuli. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa, itawaua fukusi kwa kuwakosesha hewa, lakini joto la stoo yako liko palepale na maharage yanaendelea kuzeeka humo ndani. Mimi nanunua kilo mbili za mwezi, nachemsha zote siku moja, nagawa kwenye vifuko, naweka friza. Gesi inawashwa mara moja.

Juzi nilirudi soko lilelile. Yule muuzaji aliniona kwa mbali akamwambia mwenzake, "Anakuja Mama Yalivunwa Lini." Nikacheka, nikamuuliza vilevile. Akaniangalia, akainama chini ya meza, akatoa mfuko mwingine, wa njano, ambao haukuwa umepangwa juu. "Haya ya nyumbani kwangu," akasema. Nikachukua kilo mbili, kwa bei ileile.

Yale mekundu yamebaki kilo mbili na ushee. Mwanangu mdogo amechimba mashimo thelathini na mawili uani, anafundishwa bao na babu wa jirani. Wiki ya tatu sasa, hakuna kete hata moja iliyovunjika.