Matembezi ya historia Budapest: nimeuliza kuhusu Wakuman nikafokewa

Jamani kama mnaenda Hungaria, haya matembezi ya kuongozwa mi siwashauri, au nendeni lakini msiulize swali.

Tulianzia Uwanja wa Mashujaa, pale kwenye sanamu ya Árpád na machifu wenzake juu ya farasi. Jamaa aliyetuongoza akatupa stori ya Wamagyar, mababu wa Wahungaria, walivyovuka milima ya Carpathia mwaka 895 hivi, sawa, hapo hakuna shida. Shida ni alivyokazania kwamba hao ndo damu yenyewe, kila Mhungaria wa leo katokana na hao tu. Nikauliza kwa heshima kabisa, na Wakuman je, wale wahamaji wa nyikani waliokuja baadaye? Aisee alinikazia macho mbele ya watu wote, "wale walikuwa wakimbizi, na historia hii wewe haikuhusu", akanipa mgongo.

Hainihusu vipi na nimelipa hela yangu! Tena sanamu ya Béla wa Nne iko palepale, mfalme aliyewapokea hao Wakuman mwaka 1239 wakiwakimbia Wamongolia. Chifu wao Köten akauawa Pest (leo ni sehemu ya Budapest) mwaka 1241, watu wake wakaondoka kwa hasira wakipora vijiji njia nzima, mfalme akaenda kupigwa na Wamongolia kwenye vita vya Muhi bila wao. Wamongolia walipoondoka 1242 sehemu kubwa ya nchi imebaki mahame, sasa nani alikuja kuyajaza? Béla mwenyewe aliwaita tena, mwanawe akaoa binti wa Kikuman, na mjukuu wake akatawala kama Ladislaus wa Nne, wanamwita Ladislaus Mkuman mpaka kesho. Mfalme huyo! Na Stefano, wa kwanza kwenye ile safu ya sanamu za wafalme pale uwanjani, mawaidha aliyomwachia mwanawe Imre yanasema wazi ufalme wa lugha moja na desturi moja ni dhaifu.

Ila nisimnyime haki yake, Muhi aliisimulia mpaka nywele zikanisimama, Wahungaria wamebanana ndani ya boma la mikokoteni, Wamongolia wanawaachia upenyo makusudi, wanaokimbilia hapo wanauawa njiani mmoja mmoja. Kwa hapo tu nilitaka kumpa nyota tatu.

Lakini kila nikikumbuka alivyolitamka lile neno wakimbizi, kama vile ni uchafu, hapana, nyota moja inamtosha. Nimewaandikia wanirudishie hela, mpaka sasa kimya.