Kifaa cha umeme mgongoni: mguu umetulia, kiuno bado

Kifaa hiki, kinachopandikizwa mwilini na kutuma umeme mdogo karibu na uti wa mgongo ili kupunguza maumivu, nakipa nyota tatu kati ya tano, na zote zimetoka kwa nafuu ya mguuni.

Nilifanyiwa upasuaji wa diski (kile kiungo laini kati ya pingili za mgongo), maumivu ya kiuno na mguu yakabaki. MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya kudunga dawa ilionyesha diski haijachomoza tena. Kilichopo ni kovu limezunguka mzizi wa neva, kwa hiyo daktari hakuona sababu ya kunipasua upya. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, ilituliza moto wa mguuni lakini ilinilevya, nikawa nasinzia mchana. Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ilinipa nafuu ya wiki chache, ikaisha. Fiziotherapia naendelea nayo hadi leo, na simshauri mtu aiache kwa sababu amepata kifaa.

Nilichokipenda ni kipindi cha majaribio. Wanapitisha nyaya nyembamba kwa sindano hadi karibu na uti wa mgongo, betri inabaki nje, unarudi nayo nyumbani kwa takriban wiki. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo betri inapandikizwa chini ya ngozi. Yasipopungua wanazivuta nyaya, mambo yamekwisha. Usikae kitandani wiki hiyo! Tembea, panda ngazi, kaa kwenye kiti kinachokutesa, ujue ukweli wake.

Mguuni, ule uchomaji umegeuka mtekenyo ninaouvumilia, na usiku nalala. (Zipo aina mpya zisizotekenya kabisa.) Kiunoni tofauti ni ndogo mno. Baadaye nilisoma mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yaliyohitimisha kwamba kwa maumivu ya kiuno huenda faida za kifaa hiki zisizidi gharama na hatari zake. Kwangu imekuwa hivyo hivyo. Kama shida yako kubwa ni kiuno, si mguu, fikiri sana kabla ya kukubali.

Kero zipo. Nikilala chali umeme unapanda ghafla, inabidi nitafute rimoti gizani. Betri yangu ni ya kuchaji, na kuchaji kunachosha. Waya unaweza kuhama, kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Niliambiwa mapema, na miezi ya mwanzo nilikatazwa kuinama na kujipinda.

Kabla ya kusaini, uliza kama modeli yako inaruhusu MRI ya mwili mzima au ya baadhi ya sehemu tu. Yangu lazima kwanza iwekwe kwenye hali maalumu kwa rimoti, na rimoti yenyewe iwe na chaji.